Hoteli ya Lisbon na goti la mama

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa Mombasa, nimeolewa, naishi Espoo nchini Ufini ambako nafanya kazi ya uuguzi. Mamangu amekuja kututembelea kwa miezi mitatu. Ana miaka 67, amezaliwa na kulelewa Kibokoni, Mji wa Kale, na nilipokuwa mdogo alikuwa akinishika mkono jioni tukipita kando ya kuta za Fort Jesus kwenda kupunga upepo wa bahari. Sasa kijana wangu wa miaka 9 amesoma habari za Vasco da Gama, akamuuliza nyanya yake, "Hao Wareno waliojenga ngome ya kwenu walitoka wapi?" Mama akacheka, akasema hata yeye angependa kuuona mji wao kabla hajarudi nyumbani. Basi tumeamua kwenda Lisbon, kuanzia tarehe 11 hadi 15 Juni, shule za huku zikiwa zimefungwa. Tiketi za ndege tumeshakata na viza yake inamruhusu. Kilichotushinda ni hoteli.

Mume wangu amepata hoteli kubwa na mpya karibu na uwanja wa ndege, chumba cha familia euro 110 kwa usiku. Yeye anasema hoteli ni ya kulala tu, mchana kutwa tutakuwa nje, na metro haiko mbali. Mimi nimeipenda nyumba moja ya kupangisha huko Alfama, euro 135. Dirisha lake linaona mto, na tangazo linasema ni mita 700 tu kutoka uwanja wa Rossio. Iko ghorofa ya tatu, mtaa unaoitwa Escadinhas na jina la mtakatifu fulani. Ya tatu ni hoteli ndogo eneo la Baixa, mtaa mmoja nyuma ya Rossio, euro 178. Vyumba vyake ni vidogo na picha zake ni za kawaida.

Mamangu goti la kulia linamsumbua. Anatembea, tena anapenda kutembea, lakini ngazi zinamchosha. Alipokuja mara ya kwanza tulimpeleka Paris, tukakaa hoteli ya bei nafuu nje kabisa ya mji. Kila asubuhi treni, kila jioni treni. Siku ya pili alisema, "Nendeni nyinyi, mimi nitapumzika hapa." Na siku ya tatu akasema hivyo hivyo. Alirudi Mombasa akiwasimulia watu Paris ni nzuri, na mimi najua aliona zaidi dari la chumba. Sitaki hilo lirudiwe. Nikimuuliza sasa anataka hoteli gani ananijibu, "Popote tu, mwanangu, mradi tuko pamoja." Nisaidie.

Binti wa Kibokoni, Espoo

JIBU

Marahaba, mwanangu. Msalimie sana mamako, na umwambie nimefurahi kusikia mzee wa Kibokoni anakwenda kuwatazama Wareno kwao.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika ni yale maneno, "Nendeni nyinyi, mimi nitapumzika." Mama zetu hawasemi "nimechoka" wala "hoteli hii ni mbaya". Wanajitoa kimya kimya ili wasiwaharibie watoto safari. Kwa hivyo usimuulize tena kama ataweza kupanda au kama mbali si tatizo, maana jibu unalijua kabla hajafungua mdomo. Kazi ya kuchagua mahali atakapoweza ni yako wewe, na nafurahi umeianza mapema.

Chukua hoteli ya Baixa, mradi ijibu vizuri maswali nitakayokupa baadaye. Sababu zangu ni hizi, ili uweze kumweleza mumeo bila ugomvi.

Lisbon si mji wa kupimwa kwa mita. Mji wa Kale wetu vichochoro vinapinda na kujificha, lakini unyayo wako uko chini tambarare karibu muda wote. Lisbon imekaa juu ya vilima, wenyewe husema saba, na kati ya kilima cha ngome ya São Jorge upande wa mashariki na kile cha Chiado na Bairro Alto upande wa magharibi kuna bonde linaloshuka polepole hadi mto Tejo. Bonde hilo ndilo Baixa. Jina lenyewe maana yake ni "chini".

Tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko kubwa la ardhi, kisha mawimbi ya bahari, kisha moto, viliiangamiza sehemu hiyo yote. Waziri wa mfalme, anayejulikana kama Marquês de Pombal, akasimamia kuijenga upya kwa mitaa minyoofu inayokatana kama mistari ya daftari la hesabu, na mitaa mingi ikapewa majina ya kazi na bidhaa: wa fedha, wa dhahabu, wa washona viatu, wa wauza vitambaa. Kwa mamako mpango ule wa miaka zaidi ya 250 iliyopita ni zawadi. Kutoka Rossio atatembea Rua Augusta, mtaa usio na magari, apite chini ya tao kubwa na kutokea uwanja wa Praça do Comércio, mto ukiwa mbele yake. Ni kama dakika kumi kwa mwendo wa taratibu, na goti lake halitajua kama liko safarini.

Sasa nyumba yako ya Alfama. Naelewa kwa nini umeipenda, Alfama ina mvuto wake. Ni mtaa wa zamani ambao sehemu yake kubwa ilinusurika tetemeko lile, na hata jina lake ni la Kiarabu. Lakini tazama ulichoniandikia wewe mwenyewe: Escadinhas. Neno hilo kwa Kireno ni "vingazi". Huo mtaa wenyewe ni ngazi, mwanangu. Ukifika mlangoni umeshazipanda za nje, ndipo uanze za ndani hadi ghorofa ya tatu, na nyumba nyingi za mitaa ile hazina lifti. Mita 700 za tangazo ni za kweli kwenye ramani, ila ramani haikuambii kwamba sehemu yake unaipanda.

Jifunze kuyasoma majina ya mitaa ya Lisbon kabla ya kuangalia picha, yatakusaidia kuliko nyota za hoteli. Rua ni mtaa tu, unaweza kuwa tambarare au usiwe. Praça na Largo ni viwanja, na mara nyingi mbele ya jengo hapo pana usawa. Calçada mwanzoni mwa anwani ni onyo, kwa kawaida ni mtaa wa mteremko, na mingine ni mikali hasa. Beco ni kichochoro chembamba ambacho teksi haitaingia, kwa hivyo masanduku mtayabeba. Travessa ni mtaa wa kukatisha, na ukiwa unakatisha kutoka bondeni kwenda kilimani, ujue unapanda. Ukiona Costa do Castelo, uko ubavuni mwa ngome. Na hoteli ikijisifu kwamba iko karibu na Miradouro, hiyo ni sehemu ya kutazamia mji, na mji hutazamwa kutoka juu.

Hili nililijua nikiwa nimeshachelewa. Nilikwenda Lisbon na dada yangu mkubwa, tukakaa kwenye nyumba ya wageni juu, upande wa Graça. Asubuhi tulishuka tukiongea na kucheka, mteremko mtamu, mji wote uko miguuni. Jioni ya tatu, tukirudi, dada yangu alikaa kwenye ngazi ya nyumba ya watu, akaweka mkoba wake mapajani, akaniambia nitangulie yeye atakuja. Tulikuwa tumebakiza mtaa mmoja. Nilikaa naye pale mpaka giza likaingia. Tangu siku ile mtu akiniuliza kuhusu hoteli, namuuliza kwanza: jioni mtakuwa mnapanda au mnashuka? Asubuhi kila mtu ana nguvu. Hoteli nzuri kwa mtu anayetembea kwa miguu ni ile ambayo njia ya kuirudia ndiyo nyepesi.

Unaweza kulijua hilo ukiwa umekaa Espoo. Fungua ramani kwenye simu, weka njia kutoka Rossio hadi hoteli unayoitaka, kisha chagua njia ya baiskeli badala ya miguu. Itakuonyesha mchoro wa kupanda na kushuka. Halafu ingia kwenye picha za barabarani, "tembea" kutoka kituo cha metro hadi mlangoni, hatua kwa hatua, ukitazama chini: kuna ngazi? Kuna njia ya miguu ya kutosha watu wawili sambamba? Dakika kumi za kazi hiyo zinatosha.

Kuna jambo jingine juu ya Alfama ambalo hukulitaja, nadhani hulijui. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni ni sikukuu ya Mtakatifu Anthony, ambaye watu wa Lisbon humhesabu kuwa wao kwa sababu alizaliwa pale. Tarehe 12 jioni kuna maandamano ya ngoma na mavazi kwenye barabara kuu ya Avenida da Liberdade, na Alfama inageuka jiko moja: dagaa wakubwa wanachomwa kila pembe, muziki na pombe hadi alfajiri, watu wamejaa mpaka kupita ni shida. Tarehe 13 ni siku ya mapumziko kwa mji mzima. Kwa vijana ni usiku wa ajabu. Kwa mama wa miaka 67 aliyelala ghorofa ya tatu, dirisha likiwa juu ya jiko la mkaa na spika, hapana. Kama tiketi zenu zinabadilika bila gharama kubwa, sogezeni wiki moja mbele, hata bei za hoteli zinaweza kupungua. Kama hazibadiliki, kaeni Baixa, tembeeni Alfama tarehe 12 mchana kijana aone marembo ya karatasi yaliyotundikwa mitaani, kisha mrudi mapema.

Nije kwa mumeo. Hoja yake ya kwamba hoteli ni ya kulala tu ni sahihi kwa mtu wa miaka 30 mwenye begi la mgongoni, na sina ubaya naye, anatunza pesa za nyumba. Lakini tupige hesabu pamoja. Tofauti kati ya hoteli yake na ya Baixa ni euro 68 kwa usiku, siku nne euro 272. Si pesa ndogo. Sasa uwanja wa ndege wa Lisbon una kituo cha metro, laini nyekundu, na ili mfike Rossio mnabadilisha treni Alameda kuchukua ile ya kijani. Pamoja na kushuka, kupanda na kusubiri, ni kama nusu saa kila safari, zaidi kidogo kwa mwendo wa mama. Asubuhi hilo linavumilika. Mchana, jua limewaka, goti limeanza, mama anataka kujinyoosha na kusali, utamwambia nini? Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, siku imekatika. Atakwambia tena nendeni nyinyi. Au mtachukua teksi. Tuseme euro 15 kila safari, na mnahitaji safari nne kwa siku kwa sababu mnarudi mchana na kutoka tena: euro 60. Kwa siku nne ni 240. Ile tofauti mliyoiokoa imeliwa karibu yote, na hamjapata kuishi katikati ya mji.

Hapo ndipo ninapoiona thamani halisi ya hoteli ya katikati kwa familia yenye mzee na mtoto. Mama anatoka na nyinyi saa tatu asubuhi, anatembea, anakunywa kahawa, anaona. Saa saba na nusu hivi ndiyo adhuhuri ya Lisbon mwezi wa Juni. Anarudi chumbani dakika tano, anaoga, anasali, analala kidogo. Kijana naye anatupa viatu. Saa kumi na moja jua limelegea mnatoka upya, na jua la huko halizami mpaka saa tatu na dakika chache usiku, kwa hivyo mna jioni nzima. Anakuwa na siku mbili ndani ya moja. Na akisema hataki kutoka tena, mmoja wenu anaweza kubaki naye saa moja, akashuka naye hadi uwanjani kukaa kwenye benchi na kutazama watu wakipita, jambo ambalo mama wa Mji wa Kale, aliyezoea baraza, hawezi kulichoka.

Usiichukue ile ya Baixa kwa macho yaliyofumbwa, maana majengo ya pale ni ya zamani na kuwa mahali pazuri hakutoshi. Waandikie leo, upate majibu kwa maandishi. Kuna lifti? Je, lifti inaanzia usawa wa barabara au baada ya ngazi kadhaa? Hili ulize wazi, kwa sababu majengo mengi ya zamani yana ngazi nane au kumi kati ya mlango na lifti, na tangazo litasema tu "lifti ipo". Bafuni ni pa kusimama kuogea au ni beseni la kupanda ukingo? Kwa goti la mama omba pa kusimama. Choo pengine kitamfurahisha, maana bafu nyingi za Ureno bado zina bideti, na atajitawadha bila kuhangaika na kopo. Kuna kiyoyozi? Juni inaweza kuwa na joto kali. Chumba kinatazama mtaani au ua wa ndani? Mitaa ya Baixa ina kelele za wapita njia na magari ya takataka usiku. Ua wa ndani ni kimya ila una giza. Kwa kulala ningechagua ua. Na uulize kama wanahifadhi mizigo siku ya kuondoka, kwa sababu ndege ikiwa ya jioni, hoteli yenye mapokezi inawaachia mikono mitupu siku nzima. Nyumba ya kupangisha mara nyingi inawatoa nje na masanduku yenu saa tano asubuhi.

Kwenye bei ongeza kodi ya mji. Lisbon hutoza euro 4 kwa kila mtu mwenye miaka 13 na kuendelea, kwa kila usiku, hadi usiku saba. Nyinyi wakubwa watatu kwa usiku nne ni euro 48, kijana halipi. Aghlabu haimo kwenye bei unayoiona, mnalipia mapokezini. Weka nafasi inayoweza kufutwa bila malipo, kisha endelea kutazama kama bei itashuka.

Maoni ya wageni yasome kwa kutafuta maneno. Andika neno la kelele, la ngazi, la kilima, kwa lugha unayoitumia kutafutia, uone yanarudi mara ngapi. Aliyeandika "tulitembea kila mahali bila shida" mtazame ni nani, alikuwa na nani. Anayekusaidia wewe ni yule aliyesafiri na wazazi wake.

Kama hoteli hiyo ikijibu vibaya kuhusu lifti, usirudi kwenye Alfama. Tafuta nyingine ndani ya eneo hili: kutoka Restauradores kuja Rossio, Praça da Figueira, hadi Praça do Comércio mtoni. Martim Moniz, pembeni tu, nayo iko bondeni, na hapo Rua do Benformoso ina mikahawa mingi ya halali ya Wabangladeshi na wengineo. Hata mkilala Baixa mtakwenda kula huko kwa miguu. Cais do Sodré ni tambarare lakini usiku ni mtaa wa baa. Bairro Alto iko juu, na ina kelele juu ya kelele. Rua Augusta yenyewe mtakutana na vijana wanaonong'ona kuwauzia bangi, mara nyingi hata si bangi. Mume wako apite bila kujibu, hawafuati mtu.

Juu kilimani mama atafika, usiogope, kwa sababu mkikaa chini mji unawapandisha. Pale kituo cha metro cha Baixa-Chiado kuna ngazi za umeme ndefu kutoka Baixa hadi mlango wa Chiado, na huhitaji tiketi kuzitumia kwa kuwa ziko nje ya mageti. Ile lifti maarufu ya chuma ya Santa Justa, ya mwaka 1902, msiitegemee. Itazameni kwa chini. Kwenda ngome ya São Jorge kuna lifti ya bure ndani ya jengo la Rua dos Fanqueiros, inawatoa mtaa wa juu yake, mnavuka kidogo na kuchukua nyingine ya bure Chão do Loureiro. Bado kuna mwinuko wa kumalizia, kwa hivyo kwa mama ningechukua basi namba 737 kutoka Praça da Figueira, ambalo linafika karibu na lango. Tramu ya 28 inayopendwa na wapiga picha hujaa sana, na wezi wa mifukoni wanaijua. Mkiitaka, pandeni Martim Moniz inakoanzia, asubuhi na mapema, ili mama apate kiti. Na ukisoma miongozo inayokuambia ukae juu kwa sababu kuna tramu ndogo za kuvutwa kwa kamba, usiitegemee. Ile ya Glória ilipata ajali tarehe 3 Septemba 2025, watu 16 wakafariki. Mlima ambao mama hawezi kuupanda bila kifaa kimoja tu si mahali pa kulaza mizigo yenu.

Siku moja nzima iweke kwa Belém, na isiwe Jumatatu, kwa sababu siku hiyo monasteri ya Jerónimos hufungwa. Tramu 15 inaanzia Praça da Figueira, tena mtakuwa hatua chache kutoka hotelini. Kule Belém ni tambarare yote, kando ya mto. Ndani ya kanisa la monasteri hiyo, karibu na mlango, ndiko kaburi la Vasco da Gama lilipo. Huyo ndiye aliyefika Mombasa mwaka 1498 akashindwa kuelewana na wenyeji, akaenda kupokewa Malindi. Miaka 95 baadaye Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus, na mwaka 1698 Waomani wakawatoa baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Mueleze kijana haya mkiwa mmesimama pale, au bora zaidi, mwache nyanya yake amweleze. Kisha wakati wa chakula mwambie kijana asome menyu na vibao: mesa, copo, bandeira, lenço. Meza, kopo, bendera, leso. Mama atayatambua kabla yake.

Mwisho ni viatu. Njia za miguu za Lisbon zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa, vimesuguliwa na nyayo mpaka vinang'aa, na vikilowa vinateleza vibaya. Ndara za mama zibaki kwa matumizi ya chumbani. Mnunulie viatu vya soli ya mpira hapo Espoo sasa hivi, avivae nyumbani wiki mbili kabla ya safari, vimkubali. Na masanduku yawe madogo, magurudumu yatapiga kelele juu ya vijiwe hivyo kutoka metro hadi mlangoni.

Waandikie hoteli usiku huu. Wakikujibu kuhusu zile ngazi za kabla ya lifti, niandikie ni ngapi, tuziangalie pamoja.

Shangazi